Nilitapeliwa kadi ya gemu, sasa naogopa kununua nyingine

Shikamoo kaka mshauri. Mimi ni kijana wa miaka 23, fundi simu hapa Mwanza. Mwaka jana nilinunua kompyuta iliyotumika, Dell OptiPlex 9020, ile kubwa ya kusimama, prosesa i5-4590, RAM GB 8, pamoja na kioo chake cha inchi 22. Nia yangu ni kucheza GTA V, FC na gemu nyingine na mdogo wangu tukishafunga kazi. Dada yangu mkubwa alinichangia laki tatu kutoka kwenye hela yake ya kikoba, nami nikaongezea zangu. Nikanunua kadi ya GTX 1050 Ti kwa shilingi 180,000 kwa mtu aliyekuwa ametandaza vitu mezani. Niliipenda kwa sababu ilikuwa na tundu la bluu la VGA linaloingiana na waya wa kioo changu. Nyumbani kompyuta ililisoma jina vizuri tu, lakini kila nikifungua gemu kioo kinakuwa cheusi, na draiva ya NVIDIA inagoma kuingia. Niliporudi sikumkuta yule mtu. Rafiki yangu ameiangalia, anasema ni feki. Dada hajui. Kila akiniuliza gemu zinaendaje, nasema zinaenda.

Nimebakiwa na 720,000. Duka moja wananiambia nichukue RTX 4060, na kama hela haitoshi nikope kwenye simu niwe narudisha kidogo kidogo. Jamaa mwingine anasema RX 580 inatosha, anazo nyingi. Majina ya hizi kadi yananichanganya, na nikikosea tena sitakuwa na pa kutokea. Nisaidie kaka, usingizi siupati.
Fundi, Mwanza

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa ajili ya ile sentensi ya dada yako, nayo nitaifikia.

La kwanza kabisa: usikope. Si kwa 4060, si kwa kadi nyingine yoyote, na hasa si ile mikopo ya kwenye simu ambayo mtaani tumeshaipa jina lake, kausha damu. Muuza duka anayemwambia mteja akakope ili anunue kitu kikubwa kuliko mahitaji yake hakutakii mema. Laki saba na ishirini zinatosha. Nitakuonyesha zinavyotosha, na zitabaki.

Sasa tuanze na ile iliyokuumiza, maana ukielewa ulivyotapeliwa hutatapeliwa tena kwa njia ile ile. Wewe ni fundi simu. Umeshaletewa simu ambayo kwenye mipangilio inaandika GB 512, ukiifungua unakuta chipu ya GB 16. Kadi yako ni mchezo huo huo. Jina ambalo Windows inalisoma linatoka kwenye programu ndogo iliyochomwa ndani ya kadi yenyewe, BIOS yake. Matapeli huchukua kadi za zamani, kama GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya 2011, wakaichoma upya BIOS ili ijitambulishe kwa jina la kadi ya 2016. Jina linabadilika, chipu inabaki ile ile. Ndiyo maana jina lilisomeka vizuri, na ndiyo maana draiva halisi ya NVIDIA inagoma: imeandikiwa chipu moja, inakuta nyingine.

Tundu la bluu lililokufurahisha ndilo lililokuwa linakutahadharisha. Kizazi cha 1050 Ti, kinachoitwa Pascal, NVIDIA ilikiondolea kabisa uwezo wa kutoa mawimbi ya analogi, na VGA ni analogi. Ukikuta mtu anauza "1050 Ti" yenye VGA, mashaka yaanzie hapo. Ipo programu ya bure inaitwa GPU-Z. Inasoma chipu yenyewe badala ya kuamini jina, na tangu 2018 inaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya aina hiyo. Iweke kwenye flashi leo. Ni faili dogo na si lazima kuliinstoli. Hiyo flashi ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Nikitoka hapo, nina swali ambalo hakuna hata mmoja kati ya wauzaji wako aliyekuuliza: pawasaplai yako ni ya wati ngapi?

Nitakujibu mwenyewe, kwa sababu 9020 ya kusimama naijua. Ilitoka kiwandani na pawasaplai ya wati 290, na haina ule waya wa pini sita au nane unaolisha kadi ya grafiki. Kompyuta hizi zilitengenezwa kwa ajili ya karani wa benki, za kuandikia barua na kufungulia majedwali. Sloti ya kwenye mazabodi inaweza kuipa kadi wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo lazima iletewe waya wake kutoka kwenye pawasaplai, na yako haina. RTX 4060 ya yule muuzaji inakula wati 115. RX 580 ya yule mwingine inakula 185. Wote wawili walikuwa tayari kukuuzia kadi ambayo ungefika nayo nyumbani, ukaichomeka, na isiwake.

Na hapo ndipo angetokea mtu wa tatu na ushauri mbaya kuliko yote: "Chukua adapta, unganisha kwenye waya wa SATA wa hadi-disk." Usifanye hivyo hata siku moja. Kichwa cha waya wa SATA kimetengenezwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Ukikidai mia na zaidi, plastiki inayeyuka, na moto wa umeme ndani ya chumba unacholala na mdogo wako si jambo la kubahatisha.

Nasema haya nikiwa nimeshaungua. Miaka kadhaa nyuma nilinunua pawasaplai mpya kwenye boksi, imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa, kwa bei ambayo niliona ni bahati. Ilikuwa nyepesi mkononi kama kopo la maziwa lililokwisha. Ilidumu wiki saba. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, tukasikia mlio kama fataki, ikafuata harufu. Ilikufa, na haikufa peke yake: ilikwenda na mazabodi, ikaenda na hadi-disk iliyokuwa na picha zote za harusi ya mdogo wangu wa kike. Mazabodi tulinunua nyingine. Picha hazijapatikana mpaka leo.

Baadaye ndipo niliposoma ile stika ya pembeni kwa makini. Kwenye pawasaplai, usisome namba kubwa ya kwenye boksi. Tafuta kwenye stika mstari wa +12V, uangalie ampia zake, kisha zidisha kwa 12. Yangu ilikuwa na ampia 17, maana yake wati 204. Hizo 600 zilikuwa za kupamba boksi. Nzuri ya wati 500 utakuta imeandikwa ampia 38 au zaidi, yaani wati 456 na kuendelea, na ukiibeba ina uzito wa kitu kilichojazwa shaba. Tafuta yenye alama ya 80 Plus na jina linalojulikana, hata kama imetumika, mradi ina waya wa kadi wa pini nane. Kwenye bajeti yako itengee 150,000. Usiipunje ili kuongezea kwenye kadi. Ningekuwa hapo Mwanza ningekushika mkono kwa hili.

Jambo moja la 9020 linalowakwamisha wengi: mazabodi yake haitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Dell waliipa plagi yao ya pini nane. Kwa hiyo pawasaplai mpya utaiunganisha kwa adapta ya pini 24 kwenda nane, iliyotengenezwa kwa ajili ya Dell. Adapta hii si kama ile ya SATA niliyokukataza, hii ni salama kwa sababu mazabodi yenyewe inakula umeme kidogo. Ipate kabla hujanunua kitu kingine chochote, maana ikikosekana mpango mzima unasimama. Usichanganye na plagi ndogo ya prosesa ya pini nne, ile ni ya kawaida, inaingia moja kwa moja.

Sasa kadi. Kabla ya kutaja jina, tazama vitu viwili ulivyonavyo tayari: kioo na prosesa.

Kioo cha ofisi cha inchi 22 kwa kawaida kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na ukubwa wa picha yake hauzidi 1920 kwa 1080. Kadi ikikutolea picha 140 kwa sekunde, kioo kitakuonyesha 60. Zile nyingine umezilipia, umezilipia na umeme wake, na macho yako hayajaziona. Prosesa yako ni ya mwaka 2014, ina kori nne na haina nyuzi za ziada. Kwenye gemu nzito za siku hizi yenyewe ndiyo itakayochoka kwanza. Kuiwekea kadi kubwa ni sawa na kumpa fundi mmoja vijana sita wa kumpokea kazi: watakaa wanamsubiri. Hii ndiyo sababu 4060 si kadi yako. Siisemi vibaya. Ilitoka Juni 2023 kwa dola 299, inakula umeme kidogo kwa kazi inayofanya, na ile DLSS yake ya kukuza picha ni nzuri kweli. Ila ina memori GB 8, sawa sawa na kadi nitakayokutajia, na kwa kioo chako na prosesa yako, ile tofauti ya bei ungeipata kwenye risiti tu.

Memori ya kadi ifikirie kama meza yako ya kazi. Meza ikiwa ndogo, unafungua simu, skrubu unaziweka kwenye droo, betri unaiweka chini, kila dakika unainuka kufuata kitu. Ufundi wako haujapungua, ila kazi inakwama kwama. Kadi yenye memori ndogo inafanya hivyo: inacheza vizuri, mara inaganda nusu sekunde wakati ulipokuwa unakata kona na gari, mara kuta za nyumba zinakuja zimefifia kama zimepakwa uji. Mwaka 2016 GB 4 ilikuwa meza ya kutosha. Leo ni finyu. GB 6 inavumilika. Kwa mtu wa 1080 anayetaka kadi imkalie miaka mitatu au minne, GB 8 ndiyo meza ya kununua.

Umesema majina yanakuchanganya. Mdogo wangu, yanamchanganya kila mtu, na kwa sehemu yamepangwa yachanganye. Hiyo RX 580 unayoambiwa zipo nyingi, nina karibu hakika ni ile ya 2048SP. RX 580 halisi ya Aprili 2017 ina vitengo vya kuchakata 2304. Mwaka 2018 AMD wakatoa kwa soko la China kadi yenye vitengo 2048, ambayo kwa undani ni RX 570, wakaiita RX 580 vile vile na kuongeza 2048SP mwishoni. Muuzaji hadanganyi akisema ni 580. Anaacha tu kutaja mkia. NVIDIA nao ni hivyo hivyo: GTX 1060 ya GB 3 haikupunguzwa memori peke yake, ilipunguzwa na vitengo pia, 1152 badala ya 1280. RTX 3050 ya GB 8 ina vitengo 2560, ya GB 6 ina 2304. GT 1030 ipo ya GDDR5 na ipo ya DDR4, jina moja, na ya pili ni dhaifu mno. Kwa hiyo usinunue jina. Nunua namba za ndani, na namba za ndani zinasomwa na GPU-Z.

Kadi ninayokushauri ni AMD RX 6600, iliyotumika.

Ilitoka Oktoba 2021 kwa bei ya kutangazwa ya dola 329, wakati ambao wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikuwa wanazoa kila kadi sokoni. Ina memori GB 8, inakula wati 132, inahitaji waya mmoja wa pini nane, na AMD wenyewe wanapendekeza pawasaplai ya wati 450. GTA V itaicheza bila kutoa jasho, FC itajaza zile picha 60 za kioo chako. Kuna sababu nyingine ambayo wauzaji wengi hawaijui: draiva za NVIDIA, hasa kwenye gemu za DirectX 12, zinaipa prosesa kazi zaidi kuliko za AMD. Kwenye prosesa ya mwaka huu huwezi kuona. Kwenye yako ya 2014 utaona.

Utaulizwa, "Je, haikuchimba Ethereum?" Huenda ilichimba. Lakini piga hesabu: Ethereum iliacha uchimbaji wa kutumia kadi tarehe 15 Septemba 2022. RX 6600 yoyote duniani haiwezi kuwa imechimba sarafu hiyo zaidi ya miezi kumi na moja. RX 580 ya 2017 inaweza kuwa imechimba miaka mitano, usiku na mchana, kwenye banda la joto. Hiyo ndiyo tofauti ninayoijali mimi. Feni zilizochoka zinabadilishwa, grisi ya joto inapakwa upya, kazi ambayo mkono wako unaiweza. Chipu za memori zilizopikwa miaka mitano hazirudi ujana.

Dari ya bei yako iwe 430,000. Ikizidi, subiri wiki mbili, ulizia Kariakoo kwa mtu unayemwamini akuangalizie. Ukikosa kabisa, chukua GTX 1660 Super ya 2019, GB 6, wati 125, kwa bei isiyozidi laki tatu, ukijua kwamba gemu kadhaa mpya kama Indiana Jones and the Great Circle haitazifungua, kwa sababu zinadai kifaa cha kufuatilia miale ya mwanga ambacho kadi hiyo haina. Na kama pawasaplai na adapta vikakushinda kupata, ipo njia ya unyonge lakini salama: RTX 3050 ya GB 6. Inakula wati 70, inajilisha kutoka kwenye sloti bila waya wowote, na 9020 yako utaiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Tatu za kuzipita bila kugeuka. RX 6500 XT, kwa sababu ina GB 4 na inazungumza na mazabodi kwa njia nne tu, na kwenye sloti ya PCIe ya kizazi cha tatu kama yako inadhoofika vibaya. Intel Arc B580, kadi nzuri sana ya Desemba 2024, dola 249 na GB 12, lakini inadai Resizable BAR, kitu ambacho Dell ya 2014 haina. Na chochote chenye jina kubwa na bei ya karanga.

Wasomaji wengine wenye kompyuta mpya na kioo cha picha 144 kwa sekunde, ushauri huu si wenu. Nyinyi mwaka 2025 uliwaletea RX 9060 XT ya GB 16 kwa bei ya kutangazwa ya dola 349 na RTX 5060 Ti ya GB 16 kwa 429, na mkiweza kufika hapo msirudi kwenye zile za GB 8.

Turudi kwako, siku ya kununua. Nenda mchana, na rafiki yako yule mwenye macho. Kadi ishike mkononi kabla haijawashwa. Angalia vichwa vya skrubu kama vimeliwa na bisibisi. Angalia nyuma ya ubao kama kuna flaksi iliyokauka, au chipu moja iliyokaa upande tofauti na wenzake. Haya hukufundishwa na mimi, unayafanya kila siku kwenye simu, na ubao ni ubao. Zungusha feni kwa kidole: izunguke laini bila kuyumba. Kisha iwekwe kwenye kompyuta ya duka, ufungue GPU-Z. Ikiwa sawa, endesha programu ya kuichosha, FurMark au Unigine Heaven, kwa dakika kumi na tano, huku unatazama joto. Ukiona vidoti vya rangi, mistari, au kioo kuzima na kuwaka, rudisha kadi mezani. Joto likipanda polepole na kutulia kwenye sabini na kitu, kadi ni nzima. Likikimbilia tisini ndani ya dakika mbili, grisi imekauka, na hapo una haki ya kupunguziwa bei.

Muuzaji akikuambia hakuna pa kujaribia, au "nenda nayo tu, ikisumbua rudi", mshukuru, toka. Omba risiti yenye namba ya kadi na siku za kurudisha, hata kama ni saba. Yule wa mezani hakuwa na risiti, na ndiyo maana hukumkuta.

Kabla hujatoka nyumbani, pima kwa rula kutoka mgongo wa kompyuta mpaka kwenye kizimba cha hadi-disk. RX 6600 zipo za sentimita 19 na kitu, zipo za 24. Angalia pia nyuma ya kioo chako. Kadi hii ina HDMI na DisplayPort tu, haina lile tundu la bluu. Vioo vingi vya ofisi vya Dell vina DisplayPort ambayo wenyewe hawajawahi kuitumia. Kama chako kina VGA peke yake, utahitaji adapta ya kugeuza HDMI kwenda VGA.

Nyumbani, kabla ya kuchomeka kadi, pakua BIOS mpya ya 9020 kutoka Dell, uisasishe, kisha hakikisha kompyuta inawaka kwa mfumo mpya wa kuwashia, UEFI. Kadi za AMD za kizazi hiki zinaweza kugoma kwenye mfumo wa zamani. Kama Windows yako iliwekwa kwa mfumo wa zamani, ukibadilisha tu haitawaka, hivyo hamisha mafaili yako na uiweke upya. Ongeza RAM ya GB 8 ya DDR3, zikae mbili mbili, 30,000 inatosha. Usizoee kuchomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu ndio ulioniachia mimi hadithi ya picha za harusi, na stabilaiza ndogo nzuri unaweza kuinunua mwezi ujao. Mpaka hapo, umeme ukikatika chomoa, usubiri utulie. Kuhusu LUKU usiogope. Kompyuta nzima ikicheza itakula kama wati 250, saa nne za jioni ni uniti moja.

Yapo ambayo kadi haitayatatua. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya bure ya marekebisho tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-4590 haimo kwenye orodha ya Microsoft ya Windows 11. Gemu kama Battlefield 6 zinadai chipu ya usalama, TPM, ya toleo la 2.0, na yako ni 1.2. Kila gemu unayoitaka, toleo la FC likiwemo, soma kwanza masharti yake kwenye ukurasa wa mauzo kabla ya kulipa. GTA VI isikupe presha. Mpaka naandika hapa imetangazwa kwa PlayStation 5 na Xbox Series tu. Siku utakapobadilisha kompyuta, kadi na pawasaplai utahama nazo, ndiyo maana nimekusisitiza ununue vya kudumu.

Tupige hesabu. Pawasaplai 150,000. Adapta ya Dell 25,000. Kadi 430,000. RAM 30,000. Jumla 635,000. Zinabaki 85,000.

Hizo 85,000 mpelekee dada yako. Mpelekee kabla ya kununua kadi, uso kwa uso, na ile feki uichukue mkononi umwonyeshe. Mwambie: dada, niliibiwa laki na themanini, nikaona aibu nikakudanganya. Ninakuhakikishia hicho unachokiogopa, hasira yake, ni kidogo kuliko siku atakapokuja kuisikia kwa mtu mwingine. Alitoa hela ya kikoba, hela ambayo kina mama wanaihesabu kwa shilingi, kwa sababu anakupenda. Huenda akazipokea, huenda akakurudishia. Vyovyote vile, jioni hiyo utalala. Zilizobaki kutimiza 180,000 mlipe kutoka kwenye kazi za simu, kidogo kidogo. Huo ndio mkopo pekee ninaokuruhusu.

Feki yenyewe usimuuzie mtu. Ivunje uchukue feni na skrubu, chipu yake itupe.

Ukishaifunga RX 6600, fungua GPU-Z, tazama mstari wa Shaders, unitumie picha. Pasomeke 1792.